Sugu Kabla ya Dawa

Mwaka 1947, katika hospitali kadhaa za Uingereza, vijana 107 waliokuwa wakiugua kifua kikuu waligawanywa makundi mawili. Walikuwa na umri wa miaka 15 hadi 30, mapafu yao yameliwa pande zote mbili. Aliyeamua nani aingie kundi lipi hakuwa daktari. Ilikuwa kura iliyofungwa ndani ya bahasha. Vijana 55 walilazwa na kudungwa streptomaisini, dawa mpya iliyopatikana Marekani mwaka 1943 kutokana na kiumbe mdogo wa udongoni. Wengine 52 walilazwa tu. Dawa ilikuwa haba mno, na kupumzika kitandani ndiyo tiba iliyokuwa ikitumika siku zote.

Baada ya miezi sita wahesabuji walifungua madaftari. Katika kundi lililopumzika tu, 14 walikuwa wamekufa. Katika kundi la sindano walikufa wanne. Homa zilishuka, picha za eksirei zilionyesha mapafu yakisafishika, na watu waliokuwa wakingojea jeneza walianza kuulizia nguo zao za kurudia nyumbani. Ugonjwa uliowazika watu tangu enzi za Mafarao ulikuwa umepata mkono wa kuushika.

Furaha hiyo haikukaa. Wengi waliopata nafuu katika miezi ya mwanzo walianza kurudi nyuma. Sindano ilikuwa ileile, kipimo kilekile, muuguzi yuleyule, lakini homa ilipanda tena. Makohozi yao yalipopelekwa maabara, ilionekana kwamba katika wagonjwa 41 waliopimwa kwa ajili hiyo, 35 walikuwa na bakteria ambao streptomaisini haiwafanyi kitu. Miaka mitano ilipopita, katika wale 55 waliodungwa walikuwa wamekufa 32. Katika wale 52 wasiodungwa, 35. Ule ushindi mkubwa ulikuwa umebaki tofauti ya makaburi machache.

Hao bakteria sugu walitoka wapi? Je, dawa ndiyo iliyowafundisha, wakaionja kidogo kidogo hadi wakaizoea, kama mtoto anavyoizoea pilipili? Au dawa iliwakuta wamekwisha kubadilika, ikawaua wenzao wote na kuwaachia shamba? Maswali hayo mawili yanakaribiana kwa maneno, lakini kila moja lina tiba yake. Na jibu lilikuwa limekwisha kupatikana miaka minne kabla, katika mji mdogo wa Marekani, na mtu aliyekuwa akimtazama mwenzake akicheza kamari.

Mkimbizi na mashine ya sarafu

Salvador Luria alizaliwa Torino, Italia, mwaka 1912, katika familia ya Kiyahudi. Alisomea udaktari. Serikali ya Mussolini ilipotunga sheria za ubaguzi dhidi ya Wayahudi mwaka 1938, aliondoka akaenda Paris. Majeshi ya Hitler yalipoukaribia mji huo Juni 1940, alitoka kwa baiskeli akielekea kusini, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amefika Marekani. Huko alikutana na Max Delbrück, Mjerumani aliyesomea fizikia na kuiacha nchi yake mwaka 1937. Kwa sheria za wakati wa vita, wote wawili walihesabiwa kuwa raia wa nchi adui. Waliruhusiwa kufanya kazi na bakteria, wakafanya.

Siku hizo wanasayansi wengi hawakuwa na hakika kama bakteria wana jeni kama viumbe wengine. Ni wadogo mno, hawana mume wala mke, na hubadilika upesi kiasi cha kumfanya mtazamaji aamini kwamba wanajigeuza wenyewe kufuata mahitaji. Lile wazo la kale la Lamarck, kwamba shingo ya twiga ilirefuka kwa kuwa mababu zake walijinyoosha kufikia majani, lilikuwa limefukuzwa katika elimu ya wanyama na mimea. Kwa bakteria lilikuwa bado limejifungia chumbani.

Luria alikuwa akitumia bakteria aitwaye E. koli, anayeishi utumboni mwa binadamu, pamoja na virusi vinavyomla bakteria huyo. Ukimwaga virusi hivyo juu ya sahani yenye bakteria mamilioni, kesho yake utakuta karibu wote wamepasuka. Lakini hapa na pale patakuwa na kidoa, kundi dogo la weupe, ukoo wa bakteria mmoja aliyevishinda virusi. Watoto wake nao watavishinda, na wajukuu, hata usipowaonyesha virusi tena. Luria alizunguka na swali hilohilo miezi mingi: virusi viliwafundisha, au viliwakuta?

Mapema mwaka 1943, akiwa mwalimu mpya katika Chuo Kikuu cha Indiana mjini Bloomington, alikwenda kwenye dansi ya walimu. Ukumbini palikuwa na mashine ya kamari, zile za kutumbukiza sarafu. Mwenzake mmoja alikuwa akizitumbukiza moja baada ya nyingine bila kupata kitu, naye Luria akawa anamtania kwa hasara yake. Mara mashine ikatapika: sarafu za kama dola tatu zikamwagika kwa mpigo. Yule mwenzake akamtupia Luria jicho baya, akaenda zake.

Luria alibaki pale akiitazama mashine. Mashine ile haikuwa ikitoa sarafu mojamoja kwa mpangilio. Mara nyingi haikutoa kitu, mara chache ilitoa kidogo, na mara moja moja ikatoa fungu. Akaona kwamba swali lake lingeweza kujibiwa kwa kutazama jinsi mafungu yanavyogawanyika, wala si kwa kuwachungulia bakteria wenyewe.

Fikiria mirija 20 ya mchuzi wa maabara. Katika kila mmoja unatia bakteria wachache, unawaacha wazaane hadi wawe mamilioni, kisha kila mrija unaumwaga kwenye sahani yake yenye virusi. Kama virusi ndivyo vinavyofundisha, basi kila bakteria anapata somo kwa wakati mmoja, pale sahanini, na kila sahani itatoa sugu kwa idadi inayokaribiana na ya jirani yake. Lakini kama mabadiliko hutokea yenyewe, kwa bahati, wakati bakteria wakiwa bado wanazaana kwenye mrija na virusi havijaonekana, hesabu inakuwa nyingine kabisa. Aliyebadilika mapema, katika vizazi vya mwanzo, ataacha ukoo mkubwa kama babu aliyeoa akiwa kijana. Aliyebadilika jioni ya mwisho ataacha mtoto mmoja au wawili. Na mirija mingi haitakuwa na hata mmoja.

Kesho yake Luria akaanza kazi. Katika mojawapo ya majaribio yaliyochapishwa, mirija 20 ilitoa idadi hizi: 1, 0, 3, 0, 0, 5, 0, 5, 0, 6, 107, 0, 0, 0, 1, 0, 0, 64, 0, 35. Zisome polepole. Mirija 11 haina kitu. Minne ina watano au sita, au watatu. Na mmoja, bila sababu yoyote inayoonekana kwa nje, una 107. Alipochukua mrija mmoja tu na kuugawa kwenye sahani nyingi, idadi hazikupishana sana. Kwa hiyo mkono wake haukuwa na kosa. Ile ilikuwa mashine ya sarafu, imejiandika yenyewe kwenye sahani za kioo.

Alimwandikia Delbrück barua, na Delbrück, mwanafizikia, akaifanyia kazi hesabu yake hadi ikawezekana kukadiria mabadiliko hayo hutokea mara ngapi kwa kila bakteria anayegawanyika. Makala yao ilitoka Novemba 1943. Mwaka 1969 wote wawili, pamoja na Alfred Hershey, walipewa Tuzo ya Nobel. Virusi havikumfundisha bakteria yeyote. Viliwakuta.

Kitambaa cha mahameli

Hesabu, hata ikiwa sahihi, haimshawishi kila mtu. Cyril Hinshelwood wa Oxford, mkemia mkubwa ambaye mwenyewe alipata Nobel mwaka 1956, aliendelea kushikilia kwamba bakteria hujizoeza. Palihitajika kitu ambacho mtu angekiona kwa macho.

Kitu hicho kilitoka Madison, jimboni Wisconsin, kwa Esther na Joshua Lederberg, mke na mume. Mwaka 1952 walichapisha mbinu rahisi kiasi kwamba mwanafunzi wa sekondari angeweza kuifanya. Chukua kipande cha mbao cha mviringo kinachoenea sahani ya maabara, ukifunike kwa kitambaa cha mahameli kilichosafishwa kwa joto. Manyoya ya mahameli ni kama maelfu ya sindano laini. Kibonyeze juu ya sahani iliyojaa makundi ya bakteria ambao hawajawahi kuonja dawa; kila kundi litaacha wachache wake kwenye manyoya, mahali palepale lilipokuwa. Sasa kipige kama muhuri kwenye sahani ya pili yenye streptomaisini, kisha kwenye ya tatu. Unapata nakala, kila kundi na nafasi yake, kama picha zilizotoka kwenye negativu moja.

Karibu kila kitu kinakufa kwenye sahani zenye dawa. Wanaobaki wanabaki mahali palepale katika nakala zote. Kama dawa ingekuwa inafundisha, wanafunzi hodari wangejitokeza hapa kwenye nakala hii na pale kwenye nyingine. Lakini walikuwa palepale, kwa kuwa walikwishakuwa palepale kwenye sahani mama. Akina Lederberg wakarudi kwenye sahani mama, ambayo haikuguswa na tone la dawa, wakachota mahali palipoonyeshwa, wakawazalisha, wakarudia tena na tena, hadi wakawa na bakteria sugu kabisa ambao wala wao wala mababu zao hawajapata kukutana na streptomaisini.

Joshua alipata Nobel mwaka 1958 kwa kazi nyingine ya jenetiki ya bakteria. Esther, aliyefanya naye kazi katika maabara ile miaka yote hiyo, hakuhesabiwa katika tuzo hiyo. Tunaposimulia habari ya kitambaa, haki ni kumtaja yeye kwanza.

Hesabu iliyomo kifuani

Sasa turudi wodini. Mdudu wa kifua kikuu ana tabia mbili zinazomfanya awe mwalimu mzuri wa somo hili. Kwanza, ni mvivu: wakati E. koli mwenye shibe hugawanyika kila baada ya kama dakika 20, yeye huchukua karibu siku nzima. Pili, haazimi. Bakteria wengi hupeana jeni za usugu kama majirani wanavyopeana chumvi, lakini mdudu wa kifua kikuu hana tabia hiyo. Usugu wake wote ni makosa yake mwenyewe ya kunakili, herufi moja iliyokosewa katika kitabu chake cha urithi wakati wa kugawanyika.

Makosa hayo ni machache, lakini wadudu ni wengi. Pango moja ndani ya pafu la mgonjwa linaweza kuwa na wadudu milioni 100. Kati yao, takriban mmoja katika kila milioni huwa amekwisha kupata kosa linalomkinga na isoniazidi, dawa iliyoanza kutumika mwaka 1952. Kwa hiyo mgonjwa ambaye hajawahi kumeza kidonge hata kimoja ana wadudu kama 100 wanaoingojea dawa hiyo bila wasiwasi. Ukimpa isoniazidi peke yake, utaua milioni 99 na ushee, atapata nafuu, atanenepa, na wale 100 watairithi nyumba.

Ndiyo maana vijana wa mwaka 1947 walirudi nyuma. Streptomaisini iliwakuta sugu wakiwa ndani.

Dawa ya jambo hili pia imo katika hesabu. Anayekingwa na dawa nyingine, rifampisini, ni takriban mmoja katika kila milioni 100. Anayekingwa na rifampisini na isoniazidi kwa pamoja, kwa bahati mbili zilizoangukia mdudu mmoja, ni mmoja katika trilioni 100. Wadudu wa idadi hiyo hawaenei katika kifua cha mtu. Kwa hiyo toa dawa mbili au zaidi kwa wakati mmoja: anayeikwepa ya kwanza atauawa na ya pili. Waingereza walilijaribu hilo mapema, kabla hata rifampisini haijapatikana. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 1950, wagonjwa waliopewa streptomaisini peke yake walipata usugu 33 kati ya 49. Waliopewa streptomaisini pamoja na dawa nyingine iitwayo PAS, watano kati ya 48.

Hapo ndipo historia hii inapofika kwetu. Baraza la utafiti wa tiba la Uingereza na madaktari wa Afrika Mashariki walikuwa wakishirikiana kupima tiba ambazo nchi maskini zingezimudu. Tiba ya kawaida ilichukua mwaka mmoja na nusu, na mtu mwenye shamba na watoto hawezi kumeza dawa mwaka mmoja na nusu wakati anajiona mzima. Kuanzia mwaka 1970, wagonjwa katika hospitali za Afrika Mashariki waliingizwa katika jaribio la tiba ya miezi sita. Waliopewa streptomaisini na isoniazidi tu kwa miezi sita waliugua tena 29 katika kila 100. Walioongezewa rifampisini waliugua tena watatu tu katika kila 100, sawa na wale wa miezi 18. Tiba fupi ambayo dunia nzima inaitumia leo ilipata ushahidi wake katika vifua vya wagonjwa wa Afrika Mashariki. Majina yao hayamo katika vitabu, nasi tunadaiwa shukrani.

Mwaka 1977 Tanzania ilianza mpango wake wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, ukisaidiwa na Karel Styblo, daktari mzaliwa wa Chekoslovakia. Mpango ulikuwa na mambo manne yasiyohitaji mitambo mikubwa: pima makohozi kwa hadubini, andika kila mgonjwa kwenye rejista, hakikisha dawa hazikatiki, na muuguzi ashuhudie mgonjwa akimeza. Katikati ya miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliuchukua mfumo uliotokana na kazi hiyo likauhubiri ulimwenguni kote. Wanaodhani kwamba kumsimamia mgonjwa akimeza dawa ni kumdharau hawajaiona hesabu. Mgonjwa anayemeza dawa nne leo, mbili kesho, na moja keshokutwa kwa kuwa nyingine zinamtia kichefuchefu, anarudi taratibu hadi mwaka 1947.

Kufikia hapa ingeonekana hadithi imekwisha: mabadiliko ni bahati, dawa huchagua tu, basi. Lakini palikuwa na mwanamke mmoja aliyekuwa amekwisha kuona ukurasa unaofuata.

Siku ya kwanza ya Evelyn Witkin

Kiangazi cha mwaka 1944, Evelyn Witkin, mwanafunzi wa miaka 23 kutoka Chuo Kikuu cha Columbia, alifika katika maabara ya Cold Spring Harbor, pwani ya New York. Aliambiwa aangaze bakteria kwa mwanga wa urujuanimno, ule unaounguza ngozi, ili wapate mabadiliko. Hakujua kipimo, akazidisha. Karibu wote walikufa. Alipotazama, palibaki makundi manne.

Mwingine angeosha sahani na kuanza upya kwa kipimo kidogo. Yeye aliuliza kwa nini hao wanne hawakufa. Aliwazalisha, akawaangaza tena, na wakaonyesha kwamba kweli ni sugu kwa mwanga. Swali la siku ile lilimshika maisha yake yote. Aligundua kwamba bakteria wa kawaida, wanapoumizwa na mwanga, hurefuka kama uzi bila kugawanyika. Akaona pia kwamba jeraha lilelile huamsha mambo mengine mengi ambayo hayaonekani kuwa na uhusiano, hata virusi vilivyolala ndani ya bakteria. Mwaka 1967 alitoa wazo kwamba yote haya yanafungwa na breki moja, na kwamba jeraha la jeni ndilo linaloifungua.

Miroslav Radman, mwanasayansi kijana kutoka Yugoslavia, aliendeleza wazo hilo. Alisema kwamba bakteria aliyejeruhiwa hupiga king'ora cha hatari, akakiita SOS, kwa jina la ishara ya meli inayozama. Maabara nyingi zilikuja kuthibitisha jinsi kinavyofanya kazi. Katika siku za amani protini moja huwafungia kamba mafundi zaidi ya 40. Uzi wa jeni ukikatika, protini nyingine hujishika kwenye sehemu iliyokatika, na hiyo huwa ndiyo ishara, kamba zinakatwa. Kwanza wanatoka mafundi waangalifu, wanaofuata maandishi herufi kwa herufi. Ikiwa jeraha halifungiki, hatimaye hutoka mafundi wa aina nyingine.

Hawa wa mwisho ni wanakili wanaokuta ukurasa umechanika na hawana muda wa kuutafuta uliokamilika. Pale pasiposomeka wanaandika chochote ili kitabu kiishe. Kazi yao ni ya bora liende. Bila wao bakteria angekwama na kufa. Pamoja nao anapona, lakini kitabu chake kimejaa makosa. Na katika makosa hayo, mengi yasiyofaa, linaweza kuwamo moja linalomwokoa.

Basi dhiki, yenyewe, huongeza mabadiliko. Mwaka 1988 John Cairns na wenzake wa Harvard walikwenda mbali zaidi. Waliwaweka bakteria wasioweza kula laktosi kwenye sahani ambayo chakula chake ni laktosi tu. Hawakufa, walikaa na njaa. Siku baada ya siku wakajitokeza waliobadilika na kuweza kuila. Cairns aliuliza hadharani kama bakteria hawana njia ya kuchagua mabadiliko wanayoyahitaji. Lamarck alikuwa amebisha hodi tena, na mabishano yakawaka miaka kadhaa.

Waliochimba zaidi, wakiwamo Patricia Foster na Susan Rosenberg, walikuta jibu lililo katikati. Kweli njaa ilikuwa ikiongeza mabadiliko, lakini mabadiliko yalitokea pia katika jeni zisizohusika na laktosi hata kidogo. Bakteria hakuwa akilenga. Alikuwa akirusha mawe mengi gizani. Jiwe lililompata ndege ndilo tulilolihesabu.

Na hapo ndipo inapoonekana kwa nini Luria hakuliona hili. Virusi vyake viliua upesi. Aliyekutana navyo bila kinga hakupata hata nafasi ya kupiga king'ora. Kifo cha ghafla huacha tu wale waliokwisha kubadilika. Njaa haiui hivyo. Inatesa, na anayeteswa bila kuuawa anapata muda wa kubadilika. Luria na Cairns hawakupingana. Mmoja alipima kifo cha haraka, mwingine alipima dhiki ndefu.

Kipimo pungufu

Sasa jiulize: dozi pungufu inafanana na ipi kati ya hizo mbili?

Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walionyesha kwamba E. koli wakipewa dawa kwa kiasi kidogo kisichotosha kuwaua, mwili wao hutengeneza kemikali zinazounguza jeni, na mabadiliko huongezeka. Baadhi ya waliobadilika hivyo walikuwa sugu kwa dawa nyingine ambazo hawajawahi kuonjeshwa. Dawa haba ilikuwa imegeuka njaa.

Mdudu wa kifua kikuu naye anayo desturi hiyo. Mwaka 2003 maabara ya Valerie Mizrahi, Johannesburg, pamoja na wenzao wa Marekani, walitangaza kwamba mdudu huyu ana fundi wake wa bora liende, protini iitwayo DnaE2. Walipoiondoa, mdudu alidhoofika ndani ya panya walioambukizwa, na usugu ukapungua kujitokeza. Yaani mdudu anayejificha kwenye pango la pafu, amebanwa na kinga ya mwili na dawa, hangojei tu bahati ya mashine ya sarafu. Anapobanwa bila kuuawa, anaizungusha mashine kwa kasi zaidi.

Hii ndiyo sababu nimeisimulia safari yote hii, kutoka ukumbi wa dansi hadi Johannesburg. Tumezoea kusema kwamba wadudu "wameizoea dawa", na neno hilo linatudanganya. Anayezoea ni mmoja yuleyule. Hapa hakuna aliyezoea. Waliouawa wameuawa, na waliobaki ni ukoo mwingine, uliokuwapo tangu mwanzo au uliozaliwa katika dhiki tuliyowatia sisi wenyewe. Kwa hiyo tukimwachia mdudu upenyo tunafanya makosa mawili kwa mkupuo: tunawapalilia sugu waliokuwamo, na tunawalazimisha waliobaki kutengeneza wengine. Dawa hafifu iliyouzwa kama nzima hufanya hivyo. Vidonge vya rangi mbili vilivyobaki kabatini, vikagawanywa kwa ndugu watatu wenye kikohozi, hufanya hivyo. Mgonjwa wa kifua kikuu anayeacha mwezi wa tatu kwa sababu kikohozi kimekata, hali kadhalika. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Evelyn Witkin alifariki Julai 2023, akiwa na umri wa miaka 102. Aliishi hadi kuona siku yake ya kwanza kazini, ile sahani ambayo wengine wangeiosha, ikieleza kwa nini hospitali kama Kibong'oto, chini ya Mlima Kilimanjaro, iliyoanza kupokea wagonjwa wa kifua mwaka 1926, bado ina kazi kubwa ya kutibu kifua kikuu sugu.

Na leo asubuhi, katika nyumba fulani, kuna mgonjwa mwenye kadi ya kliniki na glasi ya maji. Mkewe au mwanawe amesimama pembeni, amepewa kazi ya kushuhudia. Kidonge ni kikubwa na kichungu, chenye dawa nne ndani yake, naye anajisikia mzima tangu wiki iliyopita. Kifuani mwake imo mirija 20 ya Luria: mingi haina kitu, na mmoja una 107. Yeye hajui ni upi. Anameza, shahidi anatia alama kwenye kadi, na wale 107 hawapati kesho.